Mahali Mkanda Unapotoka

Mkanda ulitoka tena Jumanne asubuhi, umande ukiwa bado kwenye nyasi na Mzee Mwau akiwa hata hajakipasha kiti joto. Ile trekta ndogo ya kukatia nyasi ilikuwa inateremka vizuri kutoka jukwaa la maharusi, inanguruma, inatupa majani upande wa kulia, halafu pa! Magurudumu yakasimama, injini ikabaki inapiga kelele ya bure. Mwau akazima. Akashuka polepole akishikilia usukani kwa sababu ya goti, akatandika gunia, akalala kwa ubavu na kutia mkono chini ya mashine. Mkanda ulikuwa hapo kando ya gurudumu lake la puli, mzima kabisa, umekunjwa vizuri kama nguo iliyoanuliwa.

Na mahali penyewe palikuwa pale pale. Uwanja wa kituo hiki cha mikutano na harusi ni mkubwa, unashuka kutoka vyumba vya wageni mpaka kwenye ua wa chini, na kila mahali pengine mashine ilikuwa inakwenda bila neno. Ikifika katikati ya mteremko, kati ya bomba la maji na mparachichi, mkanda unatoka. Akija kutoka juu, unatoka. Akija kutoka chini, unatoka. Siku moja aliamua kupita kinyumenyume, labda atapita bila kujulikana, na ukatoka vile vile.

Kusema kweli, Mwau hakuwa anakasirika. Watu wa kituo walidhani anateseka, lakini wapi! Akishalala pale chini mgongo wake ulikuwa unanyooka, goti linaacha kumkumbusha umri, na vilima vya Mbooni vinatulia mpaka anasikia ng'ombe wa bonde la pili. Mara nyingi alimaliza kuurudisha mkanda na bado akabaki amelala. Madam Ndunge, meneja, akichungulia dirishani alikuwa anaona miguu miwili yenye gambuti imetokeza kando ya mashine, haisongi.

"Mzee Mwau," alimwambia siku hiyo, na alimwambia vizuri, akiwa amemwagizia chai ya maziwa kabisa. "Jumamosi tuko na harusi kubwa. Nimeita fundi kutoka Kitui. Akishindwa, nitaleta vijana wa kandarasi, wale wenye mashine za begani. Wewe nawe uende nyumbani upumzike. Umefanya kazi ya kutosha."

"Madam, mimi sijachoka."

"Najua, mzee. Lakini nyasi ndizo zinaleta watu hapa."

Mwau aliweka kikombe chini. Nyumbani kwake kulikuwa karibu tu, ukiruka ua umefika. Shida ilikuwa lango. Kwenye lango kuna askari, na mtu asiye na kazi wala mwaliko haingii. Na ndani ya ua ndimo alimokuwa mke wake.

Nzisa alikufa mwaka ule mvua ilipokataa kabisa, wakamzika kwenye kona ya chini ya shamba lao, kwa maana Ukambani mtu hulala kwake. Simiti haikuwapo. Mwau akampandia mkonge upande wa kichwa, kwa sababu mkonge haufi, mbuzi autafune, jua liuchome, wenyewe upo tu. Sasa hapo ndipo alipokosea, kama huko ni kukosea. Huku kwetu mkonge ndio mpaka. Mdogo wake Mbithi alipouza kipande chake cha jirani kwa watu wa kituo, mpimaji alikuja na darubini yake, akafuata mikonge mmoja baada ya mwingine jinsi wapimaji wote wa huku wanavyofuata, akauona ule wa mwisho umesimama peke yake kule chini, mkubwa, umenawiri. Akavuta kamba mpaka hapo. Mwau alikuwa amekwenda Sultan Hamud kumwona binti yake aliyejifungua. Aliporudi akakuta nguzo za ua zimeshachimbiwa, na Nzisa yuko upande wa pili.

Alikwenda kwa chifu, akaenda na kwa watu wa ardhi. Wote walikubali kwamba makosa yamefanyika, wakampa pole nyingi, wakamwambia ramani imeshachorwa. Baadaye tingatinga lilikuja likang'oa mikonge, likasawazisha udongo, nyasi zikapandwa, na yeye mwenyewe, mume aliyeshika jembe siku ya mazishi, akawa hawezi tena kusema mke wake yuko wapi. Kituo kilipotafuta mtu wa kukata nyasi, Mwau alikuwa wa kwanza langoni. Miaka yote hiyo alikata uwanja mzima kwa upole, kwa vile hakujua ni wapi hasa panapotaka upole.

Fundi alikuwa kijana wa makamo aitwaye Mikail, wa zile familia zilizopanda kutoka pwani zamani na duka la vitambaa, zikakaa Kitui mjini mpaka Kikamba kikawa lugha ya nyumbani. Alifika kwa pikipiki yake Jumatano, akasalimia, akavua koti.

"Mzee, mkanda hautoki hivi hivi," alisema akiwa ameinua mashine kwa jeki. "Ama umelegea, ama puli imepinda, ama springi imechoka. Ama kuna kitu kinausukuma."

Alitikisa kila puli kuona kama beringi zimelegea. Hazikulegea. Akalaza chuma kilichonyooka juu ya puli mbili kuona kama ziko mstari mmoja; zilikuwa mstari mmoja. Akakagua vile vyuma vidogo vinavyouzuia mkanda usiruke, akabadilisha springi ya kukazia, akavisha mkanda mpya unaonukia raba. Mwau akapanda, akawasha, akazunguka mparachichi kwa madaha. Alipofika pale, pa!

"Hebu urudie," alisema Mikail, akalala kifudifudi pembeni, shavu kwenye nyasi, achungulie chini ya mashine. "Njoo polepole."

Mwau akaja polepole. Mikail akaona mkono wa mwanamke ukitoka kwenye nyasi, ukaushika mkanda kwa vidole viwili, ukauvua kutoka kwenye puli, ukaukunja, ukauweka kando, halafu ukarudi chini.

"Imeonekana," alisema, akijipangusa majani. "Si springi. Ni mama mmoja."

Mwau alizima injini. "Ana bangili?"

"Ya shaba. Na kidole cha mwisho kimepinda."

"Kilibanwa na mlango wa ghala," alisema Mwau. "Huyo ni Mama Mutiso. Ni mke wangu."

Mikail alisimama wima, akafuta grisi kwenye viganja, akaikabili nyasi na kutoa salamu kama watu wake wanavyowatolea walio makaburini, "Asalaam alaykum." Kutoka chini ikaja sauti ya adabu: "Salama, fundi. Pole na kazi." Mikail akasema asante, akakusanya spana zake, akamwambia Mwau kwamba kwa upande wake mashine ni nzima, hayo mengine ni ya nyumba, hawezi kuyaingilia. Akawasha pikipiki, akaenda.

Mwau hakutandika hata gunia. Alilala pale pale, ubavu kwa ubavu na ardhi.

"Umekonda," alisema Nzisa.

"Ni wewe unatoa mkanda?"

"Kwani ningefanya nini, Baba Mutiso? Unanipita juu na hayo makelele, umekalia kiti kama chifu, hata kichwa hugeuzi. Nimekuita mpaka nikachoka. Nikaona nikikusimamisha, utashuka ulale kidogo."

"Sikujua ni hapa. Nilikutafuta, haki ya Mungu. Waling'oa mkonge nikapotea kabisa."

"Najua. Ndiyo nikakuonyesha."

Mzee alilia. Alilia bila kujificha, machozi yanaingia sikioni kwa vile alivyolala, na Nzisa akamwacha amalize, kama alivyozoea kumwacha tangu ujana wao. Kisha akamuuliza habari za mwana wao Mutiso, na za binti, na kama yule mbuzi mweupe aliwahi kuzaa. Mwau akajibu yote. Ya Jumamosi akayaacha mwisho, yale ya kandarasi na lango.

Nzisa akasema, "Basi mwambie huyo Madam ukweli. Asidhani ni uvivu. Na ukiwa huko, muulize mambo ya jiwe."

"Jiwe gani?"

"La kuwekwa hapa. Lenye jina. Watu wananikanyaga, Baba Mutiso, na si kwa ubaya, hawajui tu. Mtu akijua, atazunguka."

Madam Ndunge alimsikiliza Mwau mpaka mwisho bila kumkatiza. Alikuwa mtu wa huku huku, na marehemu nyanyake mwenyewe alikuwa anarudi kila msimu wa kupanda kukagua mbegu, kwa hiyo hakuwa na la kubishia. Alichotaka kujua ni ratiba.

"Anatoa mkanda siku zote?"

"Kila nikipita."

"Hawezi kutoa siku za kazi peke yake, Jumatatu mpaka Alhamisi? Ijumaa unajua tunatayarisha. Jumamosi ni harusi, Jumapili ni makanisa."

"Nitamuuliza. Si mtu mgumu."

"Basi akikubali, mimi sina shida. Kandarasi tutaachana nayo. Ukilala pale siku za kazi, tutasema ni matengenezo." Akamwangalia yule mzee, na uso wake ukalainika kweli. "Pole sana, mzee. Kumbe miaka yote hiyo."

"Asante, Madam. Na jiwe?"

Hilo alisema lazima awaulize wenyewe wa kituo. Alitoka nje na simu, Mwau akamwona akitembea huku na huku kwenye veranda, akiinua mkono, akiushusha, akibisha hata. Aliporudi hakukaa.

"Wamesema wanasikitika sana. Lakini jiwe litaharibu visu vya mashine."

"Hata dogo? La kulazwa sawa na udongo?"

"Hata dogo. Wanasema ramani yao haina kaburi hapo. Na wakiweka jiwe, ni kama wamekubali liko."

"Na mkonge?"

"Una miiba, mzee. Kuna watoto."

Mwau akashukuru, maana ndivyo alivyolelewa, akatoka.

Jioni alimpelekea Nzisa ya siku za kazi, naye akakubali mara moja. Alisema harusi ni harusi, hawezi kuharibia watoto wa watu. La jiwe Mwau hakulifungua, na Nzisa hakuuliza. Ijumaa alikata uwanja wote bila kusimama. Alipofika pale alipunguza mwendo, mashine ikapita taratibu, mkanda ukakaa kwenye puli yake, na yeye akapita juu ya mke wake akiwa amevua kofia.

Harusi ilifana. Bwana harusi alikuwa wa Matinyani na bibi harusi wa hapo hapo Mbooni, watu wakaja kwa mabasi, hema nyeupe zikasimamishwa, kwaya mbili zikashindana. Mpiga picha alitafuta mahali penye nyasi nzuri, akapata kati ya bomba la maji na mparachichi, kwa sababu nyasi za hapo zilikuwa laini na kijani kuliko za kwingine. Aliwapanga hapo wazazi, wajomba, shangazi, marafiki wa shule, kila kundi kwa zamu yake. Mwau alisimama karibu na jikoni na sahani ya pilau mkononi. Alitamani kwenda kuwaambia wasogee hatua chache tu upande. Lakini angewaambia nini? Hakula ile pilau.

Jumatatu mkanda ulitoka. Mwau alizima, akashuka, akalala.

"Uliisikia harusi?" aliuliza.

"Nilisikia. Ile kwaya ya pili walijua kuimba. Ila wale wa hema walipigilia chuma hapa. Kilinipata begani."

"Kiliuma?"

"Kidogo tu."

Mwau akapapasa nyasi mpaka akalipata tundu la chuma cha hema. Aliingiza vidole, akavisukuma mpaka mwisho, akamgusa. Bega lilikuwa la baridi na bado ni lile lile. Akakaa hivyo kwa muda. Kisha akaokota udongo kidogo kidogo, akautoa vijiwe kwanza, akaufukia mle ndani na kuushindilia kwa kidole gumba.

"Na jiwe, walisemaje?"

Tangu Jumatano alikuwa anatafuta namna ya kulisema hilo neno, na hakuna aliyoipata.

"Wamekataa, Mama Mutiso."

"Na mpaka?"

"Mpaka ni ule ule."

Kule juu milango ya ukumbi ilifunguliwa, watu wa semina wakaanza kumiminika nje kwa chai, wengi, wanaongea kwa sauti, na njia ya mkato ya kwenda kwenye meza za chai inapita katikati ya mteremko. Mwau akasikia viatu vyao vinakaribia. Akaanza kujiinua, aibu imemshika, mtu mzima amelala chini mchana kweupe.

"Usiamke," alisema Nzisa. "Lala wewe."

"Watanikanyaga."

"Hawawezi. Wewe wanakuona."

Mwau akarudi chini. Alijinyoosha urefu wake wote, gambuti upande wa bonde, kichwa upande wa kichwa cha mke wake, mikono kifuani. Wa mbele walipomfikia walipunguza sauti. Mmoja akasema, "Pole, mzee," halafu wakagawanyika, wengine kushoto, wengine kulia, wakazunguka, na wale wa nyuma wakafuata njia hiyo hiyo.