Tone la Mwisho ni la Pipeti

Katika maabara ya kiwanda cha maji ya dripu, mgeni alifundishwa kwanza kuacha. Pipeti, ule mrija wa kioo wenye tumbo katikati na mstari mmoja shingoni, ikishamwaga maji yake hubakiza tone dogo kwenye ncha. Mgeni akiliona hulionea huruma, akataka kulisukuma nalo litoke. Hapo mzee wa maabara humshika mkono. "Liache hilo. Waliochora mstari walishalihesabu. Ni fungu la pipeti yenyewe."

Kwa maneno hayo wakambandika jina la Mzee Tone, na binti yake alipoajiriwa maabara hiyo hiyo hawakujisumbua kutafuta jingine: akawa Nusu Tone. Aliitikia bila kinyongo. Wengine hurithi mashamba, yeye alirithi utani.

Mzee Tone alifariki akiwa bado kazini, kwa ugonjwa wa siku nne tu. Wiki ya tano baada ya mazishi ndipo akaja mkaguzi, mama mfupi mwenye maneno machache, akafungua daftari la vipimo na kulisoma tangu asubuhi hadi saa sita. Kila shehena ya dripu ilipimwa chumvi na watu wawili: asubuhi Mzee Tone, mchana mtaalamu mpya ambaye vijana walimwita Digrii kwa sababu aliitaja kabla hata ya salamu. Kwa miezi kumi na moja hesabu zao zilipishana. Mzee akipata gramu 8.91 kwa lita, Digrii alipata 9.09. Zote zilikuwa ndani ya kiwango, ndiyo maana hakuna aliyeshtuka. Lakini mkaguzi alisema watu wawili wanaopima chupa moja hawawezi kupishana kila siku kwa upande uleule. Mmoja wao alikuwa anakosea.

Mkuu wa maabara hakuhitaji muda wa kufikiri. Alisema kwa sauti ya msiba kwamba marehemu macho yalikuwa yamekwisha, kila mtu alijua hilo, na kwa heshima zote vipimo vyake vya mwaka ule vigongwe muhuri wa "batili", mambo yaishe. Kumbe aliyekufa ana faida yake: habishi.

Nusu Tone alikuwa anasuuza vyombo kwenye sinki. Kilichomuuma si uongo wa maneno yale, bali kwamba hakuweza kuapa kuwa ni uongo. Baba yake alikuwa anapita watu njiani bila kuwajua, na siku moja alilisalimia koti lililoanikwa kwenye kamba, akasubiri na jibu. Kazini aliweka kadi nyeupe yenye mchirizi mweusi nyuma ya kioo, akainama hadi jicho likalingana na mstari, akakaa hapo mpaka kitako cha maji, pale yanapobonyea kama bakuli, kiuguse mstari barabara. Vijana walisema mzee anaiposa pipeti. Naye alicheka pamoja nao. Je, alikuwa anauona mstari, au alikuwa anaukisia kwa mazoea? Hakuwahi kumuuliza. Mtoto anaanzaje kumuuliza baba yake jambo kama hilo?

Akafunga bomba, akakausha mikono.

"Mama," alimwambia mkaguzi, "naomba tupime kwanza, ndipo tufute."

"Binti," mkuu alisema, "tunajua una uchungu."

"Uchungu ninao, bosi. Ila pipeti haiujui."

Mkaguzi akamtazama kwa mara ya kwanza, akavuta kiti karibu na mizani.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza. Yeye na Digrii, kila mmoja avute kwa pipeti mililita mbili za maji safi, ayamwage kwenye kichupa, yapimwe uzito. Kwa joto la siku ile mililita mbili zilipaswa kuwa gramu 1.992. Nusu Tone alipima mara kumi, na mara kumi zote mizani ilisoma palepale. Akaja Digrii, mkono mtulivu, hana haraka, na mstari aliusoma vizuri kabisa. Kisha, maji yalipokwisha kushuka, akabinya puto la mpira na kulitoa tone la mwisho. Mizani ikasoma 2.031.

Digrii alirudia, akapata vilevile. Alieleza kwa sauti ya chini kwamba kiwanda alikotoka pipeti zao zilikuwa na pete mbili juu, na zile za pete mbili hupulizwa hadi tone la mwisho. Alikuja zamu ya mchana na vyeti vyake mkononi, hakuna aliyediriki kumshika mkono.

Mkuu alianza kusema basi, tumemaliza. Mkaguzi akatikisa kichwa. "Hii inaonyesha kijana alikosea. Haionyeshi mzee alipatia. Watu wawili wanaweza kukosea siku moja."

Nusu Tone alijua ni kweli.

Stoo kulikuwa na chupa za akiba, moja kwa kila shehena. Mkaguzi alichagua tatu za miezi ya mwisho ya mzee, akafunika daftari kwa karatasi. Binti akasimamisha kadi nyeupe nyuma ya kioo, akainama. Alivuta kwa pipeti maji ya chupa ya kwanza. Alifuta ncha, akashusha maji hadi mstarini, akayamwaga, akaliacha tone. Kisha akafungua bureti, mrija mrefu wenye bomba dogo chini, dawa ikidondoka kidogo kidogo kwenye maji yaliyotiwa rangi ya manjano, hadi yalipogeuka na kubaki rangi ya tofali. Hakuna aliyemtania.

Ilikuwa karibu saa kumi alipoandika namba ya tatu. 8.93. 8.88. 8.91.

Mkaguzi akaondoa karatasi. Kwa mwandiko wa Mzee Tone, uliolala kidogo kulia, zilisomeka 8.92, 8.88, 8.90.

"Huyu mtu alikuwa anaona," mkaguzi alisema, akafunga kalamu.

Mkuu akachukua muhuri autumie kwenye namba za upande wa pili, lakini Digrii akauzuia kwa kiganja. "Zangu nitazifuta mwenyewe, bosi," alisema, na akakaa kuzikata moja moja, akitia saini pembeni. Alipofika katikati ya ukurasa alimwomba Nusu Tone, bila kumtazama, kesho amfundishe kuanzia mwanzo.

Nyumbani, mama yake alikuwa ameketi mlangoni akirefusha pindo la gauni. Binti alimsimulia yote, hata ile hofu yake. Mama alisikiliza bila kuinua kichwa hadi mwisho.

"Mbona hukuniuliza?" alisema. "Ya mbali ndiyo yaliyomshinda. Ya karibu? Miaka yote hii unadhani nani alikuwa ananitungia uzi kwenye sindano?"

Binti alivuta kigoda akakaa karibu naye, akapokea sindano na uzi, akaiinua sindano mbele ya jicho.