Eda ya Theluji

Kila Desemba, joto la mtaa wetu wa Gerezani likituchemsha, mume wangu Mrisho hukaa barazani na kusimulia theluji. Vita kubwa ya msituni, Ubelgiji, mwisho wa mwaka arobaini na nne. Vifaru vya Wajerumani vinakuja, vidole vinakufa kwa baridi, na rafiki yake Shaibu anakata roho mikononi mwake. Mimi hulia, maana Shaibu alikuwa mume wangu wa kwanza. Mrisho ndiye aliyeniletea habari, akichechemea. Nikakaa eda miezi minne na siku kumi, na nilipotoka akanioa.

Mwaka huu redio ilisema vita hiyo imetimiza miaka thelathini. Kesho yake nilipanga foleni ya sukari Kariakoo, dukani kwa Mzee Kasmir, Mchaga aliyehamia karibuni kutoka Moshi. Ukutani katundika picha yake ya uaskari. Nikamwambia kwa fahari kwamba marehemu wangu, Shaibu wa Mikindani, alifia kwenye theluji ile.

"Shaibu yupi? Mwenye pengo la mbele?"

"Huyo huyo."

Akaacha kupima sukari. "Mama, theluji mimi nimezaliwa chini yake. Sisi askari wa huku hatukupelekwa Ulaya. Tulikuwa Burma, tunaliwa na ruba. Na Shaibu tulirudi naye arobaini na sita, mzima. Alishuka hapa kumtafuta mkewe, Zamda. Rafiki yake akamwonyesha kaburi, akasema kafa na uzazi."

"Zamda ni mimi. Yuko wapi?"

"Pole sana, mama. Amefariki, miezi miwili sasa. Nduguye kaniandikia. Hakuoa tena."

Sukari sikuichukua. Miaka yote hiyo nimempikia mwongo, nimemkanda mguu kila usiku, na kumbe niliyekuwa nikimlilia alikuwa akinililia mimi! Nilitamani kumtafuna mbichi.

Nilimkuta barazani na wasikilizaji wake, theluji imeshafika magotini. Nikapita bila salamu, nikavua bangili na vipuli, nikazitupa nguo zake uani.

"Zamda, una wazimu?" Alinifuata mbio, kuchechemea kasahau.

"Shaibu kafa miezi miwili iliyopita," nikamwambia mbele ya wote. "Nimebakiwa na miwili na siku kumi. Mwenye eda hakai nyumba moja na mwanamume asiye mumewe. Toka."