Kinywaji cha Mashahidi

Kwanza niseme kwamba nilikuwa nimechoka. Sisemi ili nihurumiwe. Nasema kwa sababu pale Sharpstown, mtaa wa Houston, watu wanasimulia kwamba nilimzunguka mama wa watu kwa akili nyingi, na mimi akili nyingi sikuwa nazo. Nilikuwa na mgongo unaouma na gari lisilo na kiyoyozi.

Nilikuwa mwaka wa sita katika ghala moja kusini mwa Dallas, napanga maboksi yanayokuja kwenye mkanda. Daktari aliniambia mgongo huu hautafika mwaka wa saba. Ndipo Khalfan, Mtanzania mwenzangu tuliyepanga naye mtaa wa Vickery Meadow, Dallas, akanionyesha biashara isiyotaka mtaji.

"Nyumba hununui, Wilbroad," alisema. "Una-lock contract na mwenye nyumba, bei ya chini. Halafu ile contract unamuuzia mwenye hela kabla siku thelathini hazijaisha. Chako ni ile difference. Kazi yenyewe ni kuongea tu."

Kuongea tu! Niliongea miezi minane. Siku zangu za mapumziko nilizimalizia Cedar Hill na Oak Cliff, natafuta nyumba zenye majani marefu na barua zilizofurika kwenye visanduku. Niliandika barua mia nne kwa mkono, kwa sababu Khalfan alisema zile za mashine watu wanatupa. Za mkono walitupa pia. Mzee mmoja alinisikiliza mlangoni hadi mwisho, nikajua leo nimepata, kumbe alitaka kujua kama naweza kumkatia nyasi. Nilimkatia. Alinipa dola ishirini, na hayo ndiyo mapato yangu yote ya miezi minane ya biashara ya nyumba.

Nafasi ilikuja kutoka kazini. Carmen, dada wa Kirundi tuliyesimama naye mkanda mmoja, alisema mama yake anauza nyumba yake Houston ili aje kukaa naye Dallas, maana magoti yamekataa. Jumamosi iliyofuata niliendesha saa nne, madirisha wazi, shati limenigandia mgongoni kama plasta.

Mama Léoncie alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya chini, na anayetazama mtu usoni bila haraka. Nyumba ilikuwa ya matofali, msingi umecheza, na ukutani jikoni kulikuwa na ufa wa kuingiza kidole. Nyuma alipanda migomba. Ubavuni palikuwa na banda la gari lisilo na gari, lina viti vya plastiki na sanamu ya Bikira Maria. Jumuiya yao ilisali pale kila Jumamosi tangu enzi za marehemu mume wake, Callixte. Huyo ndiye aliyekata kimlango kwenye uzio ili majirani wasizunguke barabarani.

"Wanunuzi wamekuja wengi," aliniambia. "Wanataka kubomoa. Nimewakatalia wote. Wewe ni wa wapi, mwanangu?"

"Ngara, mama."

Akaweka kikombe chini. "Ngara! Nimekaa kambi ya wakimbizi ya Lukole, huko huko kwenu, miaka kumi na mbili. Watu wa Ngara walitugawia viazi na wenyewe hawana. Kiswahili hiki ninachokisema nimejifunzia kwenu." Akanishika mkono. "Basi bei niliyomwambia Carmen ni ya wageni. Wewe nitakupunguzia. Ila utuachie banda letu la kusalia."

"Hamna shida, mama," nikasema.

Sikusema nitahamia pale. Wala sikusema sitahamia. Nilisema hamna shida, maneno ambayo Mtanzania anayasema hata nyumba ikiwaka moto.

Mkataba ulikuwa wa kurasa kumi na moja, Kiingereza kitupu. Ukurasa wa nne ulieleza kwamba naweza kumhamishia mtu mwingine mkataba huo na kuondoka na changu. Sheria ya Texas inataka jambo hilo liandikwe, nami niliandika. Carmen alisoma kwenye simu yake akanipigia. "It's fine," alisema. "Lakini usimu-explain Mama kila kitu, ata-stress bure." Nilishukuru sana kuambiwa hivyo. Mtu aliyechoka hufurahi akipewa ruhusa ya kunyamaza.

Lakini Mama Léoncie hakutaka kuweka sahihi hivi hivi. "Kwetu ardhi haiuzwi kimya," alisema. "Anayenunua analeta kinywaji, mashahidi wanakunywa. Tunaita agatutu. Wakishakunywa wamekutambua, hata mimi nikifa hakuna wa kukusumbua."

Ningependa kusema sikujua uzito wake. Nilijua. Ngara ni ng'ambo tu ya mpaka, na baba yangu alinunua shamba lake la kahawa kwa mitungi miwili ya pombe ya ndizi mbele ya watu. Hata hivyo nilikwenda dukani, nikarudi na katoni mbili za bia na moja ya Fanta.

Walikuja tisa, kupitia kile kimlango. Kila mmoja alipokea chupa kwa mikono miwili, akataja jina lake, akanywa. Darius, mwenyekiti wa jumuiya, anayefanya usafi hotelini siku sita kwa wiki, alinichukua hadi kwenye uzio. "Bawaba imelegea," aliniambia. "Inua kidogo ndipo usukume. Sasa ni mlango wako, ujue tabia yake." Niliinua, nikasukuma, wakapiga makofi. Nilicheka pamoja nao, na Mama Léoncie akaweka sahihi.

Siku ishirini na tatu zikapita sina mnunuzi. Siku ya ishirini na nne akapatikana Humphrey, Mkenya anayekaa Katy, nje kidogo ya Houston, mwenye kampuni ya ujenzi. Nilimdanganya Mama Léoncie kwamba namleta fundi wa kukagua ufa. Nilijipangia kuongea na Humphrey kwa Kiingereza, haraka haraka, tuangalie na kuondoka. Hesabu yangu yote ilikuwa hiyo.

"Karibu, baba, pole na jua," Mama Léoncie akamwambia mlangoni.

Humphrey akafurahi kupita kiasi. "Kumbe mathe ni wa nyumbani! Sasa hapa tutaelewana poa." Akaingia jikoni akigonga kuta. Nilimkoholea, hakusikia. "Hii yote tunabomoa, mathe. Hiyo shed ya kando inaenda, hizo ndizi tunang'oa, nasimamisha nyumba mbili za kupangisha."

"Wewe si fundi?" akamuuliza.

"Fundi? Zii, mimi ndio nanunua. Huyu Wilbroad ana-assign tu contract."

Mama Léoncie alivuta kiti akakaa. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Humphrey alitutazama mmoja baada ya mwingine, kisha akaenda kupima uwanja.

"Wewe hukuwa na pesa ya kununua," mama alisema.

"Sikuwa nayo, mama."

"Na ulileta kinywaji."

Nilimwambia habari za mgongo, za ghala, za barua mia nne. Alisikiliza yote. Nikasema, na nilimaanisha kwa dakika ile, kwamba akitaka nauchana mkataba.

"Uuchane, kisha? Carmen ameshapanga chumba. Magoti hayatapona." Akajikanda goti. "Nimeweka sahihi, nitauza. Lakini wale walikunywa kwa ajili yako. Utakuja uwaambie mwenyewe."

Njiani kurudi niliwaza kuuchana kutoka Sharpstown hadi Huntsville. Kutoka Huntsville hadi Corsicana niliwaza kodi ya nyumba. Nilipofika Dallas nilikuwa siwazi kitu, nilitaka kulala tu. Sikuuchana. Wiki hiyo hiyo sahihi za mwisho ziliwekwa, nikapata hundi yangu, na Khalfan akanipiga picha nimeishika. Kwenye picha ile nafanana na mtu aliyetoka kuchangia damu.

Jumamosi ya mwisho kabla mama hajahama, nilirudi na katoni mbili za bia na moja ya Fanta, ndani ya barafu. Tisa wote walikuwapo. Nilisimama mbele ya sanamu nikawaambia: mimi si mnunuzi, sikuwahi kuwa mnunuzi, banda hili litabomolewa, nimekosa, naomba radhi. Kisha nikafungua chupa moja moja nikiwapangia miguuni, kwa sababu sikujua mikono niipeleke wapi.

"Tumekusikia," Darius akasema.

Hakuna aliyegusa chupa. Hawakunitukana, wala hakuna aliyeondoka. Walitoa rozari wakasali mafungu matano, na mimi nilisali nao, nikitazama povu likishuka shingoni mwa chupa mpaka likaisha. Walipomaliza, wakakunja viti, na cha mwisho nikakikunja mimi.

"Chukua vitu vyako," Mama Léoncie akaniambia kwa upole. "Safari yako ni ndefu."

Nilimwaga bia kwenye migomba, nikapakia chupa tupu. Kimlango nilikiinua kidogo ndipo nikasukuma.

Ghalani niliacha. Hundi ilinitunza miezi mitatu, mgongo ukapumzika, na sasa natafuta nyumba nyingine, naandika barua nyingine. Siku hizi ukurasa wa nne nausoma kwa sauti kabla ya yote, na watu wengi wananifungia mlango papo hapo.

Mama Léoncie anakaa kwa Carmen, jengo la tatu kutoka langu. Tunakutana kituo cha basi. Huniita mwanangu, huuliza mgongo unaendeleaje. Mara mbili nimembebea mfuko wa unga hadi ghorofa ya pili, nikauweka mezani jikoni kwake, jasho linanitoka. Hunishukuru sana, kisha hunisindikiza mpaka mlangoni. Hata maji hajawahi kunipa.