Galaksi Ndogo ya Kipenga

Bwana Gesi alikuwa na wivu, na hakujua kuuficha. Miaka nenda miaka rudi, mtu pale idarani akitaka kujua gesi inavyotembea ndani ya galaksi, yale makundi makubwa ya nyota yaliyo bapa kama sahani, alimfuata yeye. Siku hizi watu walimpita mlangoni kama hawamwoni, wakaenda kwa Kipenga, dada aliyepewa jina hilo kwa kupiga mluzi akiwa kazini.

Kipenga alikuwa ameunda galaksi kwenye kompyuta, kisha akaweka nyingine ndogo ipite pembeni yake. Ilikuwa ndogo kweli, lakini uvutano wake uliikoroga sahani nzima. Gesi ikapungukiwa na mwendo wa kuzunguka, ikaanza kuteremka kuelekea katikati. Mkuu wa idara alitaka kumpeleka mtu mmoja akalieleze jambo hilo kwenye mkutano wa wataalamu.

"Kidude kama kile kisukume gesi yote ile?" Bwana Gesi alimwambia mkuu, Kipenga akiwapo. "Nitakiondoa, na gesi itateremka vilevile."

"Haya kaka, tuonyeshe," Kipenga alisema.

Bwana Gesi akakiondoa. Gesi ikateremka! Aliwaita wote wawili, akasimama kando ya skrini kama bwana harusi.

Kipenga aliinama akatazama, mluzi ukamkatika.

"Kaka, mbona sahani imepinda ukingoni tangu mwanzo? Umeanzia wapi?"

Bwana Gesi alifungua faili, akaona kosa lake. Kwa haraka yake alikuwa ameanzia hatua iliyohifadhiwa baada ya galaksi ndogo kupita.

"Yaani umemfukuza mgeni wakati ameshavuruga nyumba," Kipenga alisema, na mkuu akacheka mpaka akavua miwani.

"Rudia, uanzie mwanzo kabisa," mkuu aliagiza.

Akarudia. Safari hii gesi ilizunguka tu, haikuwa na haja ya kwenda popote. Bwana Gesi aliikodolea macho, akiiomba kimoyomoyo iteremke japo kidogo. Wapi!

"Dada ndiye atakayekwenda," mkuu alisema, akatoka.

Kipenga alivuta kiti. "Kaka, utanisaidia kuandaa maelezo ya gesi? Hapo mimi sikufikii."

Aliuliza kwa dhati, bila kejeli. Bora angemcheka.

"Nitakusaidia," Bwana Gesi alijibu, huku akitamani kompyuta ya yule dada iungue hapo hapo.