Oili ya Kila Ijumaa

Masikio ya Mama yalikuwa yakimwacha kidogo kidogo. Kwanza alikosa kusikia ndege wakilia, kisha hodi za mlangoni, kisha sisi wanawe mpaka tupaze sauti. Daktari alisema hayana dawa, karibuni yataziba kabisa. Tulipofika nyumbani akanishika mkono.

"Nataka kulisikia gari la baba yako," akasema. "Mara moja tu. Baada ya hapo pakinyamaza, panyamaze."

Gari hilo lilikuwa limelala kwenye banda la nyuma, chini ya shuka kuukuu, tangu tulipomzika Baba. Nikamwita shemeji yangu fundi, mume wa mdogo wangu, mtu mwenye maneno mengi kuliko spana zake.

"Shemeji, hili ni gari au kaburi?"

"Fungua boneti, punguza domo," nikamjibu. Mimi subira sina, na nyumba nzima inajua.

Jua lilipenya kwenye matundu ya bati, vumbi likaelea polepole, nikahisi kama nimeingia ndani ya usingizi wa mtu mwingine. Mama alikwisha kaa kwenye kiti cha abiria, mahali pake pa siku zote, mkoba mapajani, macho ameyafumba.

Shemeji akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakitazama, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena.

"Nani kaijaza hivi? Oili imefika shingoni. Tungewasha hivihivi tungeiua injini."

Nikamwinamia Mama sikioni, nikamuuliza kwa sauti kubwa. Akashangaa kwamba nauliza.

"Ni mimi. Kila Ijumaa naiongezea kidogo. Baba yako alisema gari lisikose oili."

Miaka yote ile tulidhani anakwenda bandani kufagia. Kumbe alikuwa akimtunzia mumewe gari. Nilitaka kumgombeza, nikashindwa, nikaenda kuleta ndoo.

Oili ya ziada ilijaza ndoo, ikajaza beseni, tukaishia kwenye sufuria. Shemeji akafungua plagi, akasafisha kabureta, akatia petroli mpya na betri ya gari lake mwenyewe. Kisha akashika spana kuizungusha injini kwa mkono, amekaza meno, akidhani imeganda kwa kutu. Ikazunguka laini.

"Ile oili ilipanda mpaka kwenye pistoni," akasema taratibu. "Kutu ikakosa pa kushika. Shemeji, mama yako ndiye aliyeiponya."

Nikakaa kwenye usukani, nikazungusha ufunguo. Ikakohoa, ikagoma. Nikarudia. Ikakohoa, ikatema moshi wa buluu, ikashika. Ule mngurumo ukajaa banda zima, uleule uliokuwa ukitutoa mbio utotoni kwenda kumfungulia Baba geti. Nikamgeukia Mama nikicheka.

Alikuwa bado amefumba macho. Alikuwa anasubiri.

"Bado?" akauliza.

Sauti yangu sikioni alikuwa akiipata, mngurumo huu hakuupata. Tulikuwa tumechelewa. Shemeji akainamisha kichwa, akajifanya anafuta spana. Nami nikashikwa na hasira, sijui ya nani, nikakanyaga mafuta kwa nguvu zangu zote mpaka viti vikatetemeka, vioo vikatetemeka, mkoba wa Mama ukaanza kuteleza mapajani.

Akaweka kiganja juu ya dashibodi. Akakiacha hapo. Uso wake ukalegea.

"Punguza," akasema, bila kufumbua macho. "Baba yako hakuwa akikanyaga mafuta hivyo."

Nikapunguza huku nalia, na tukakaa hapo, mimi na yeye, mpaka petroli ikaisha.