Mlango Ulioambiwa Umefungwa

Aliyefuta neno "private" kwenye programu yangu tunamwita Chapchap, na jina hilo hatukulikosea.

Programu ile inaendesha lifti. Ndani yake kuna taarifa moja ndogo: mlango umefungwa au haujafungwa. Niliiwekea "private" kwa makusudi, ili isiguswe na programu nyingine yoyote. Kihisio cha mlango kikithibitisha kwamba umefungwa, ndipo msimbo wangu unapoibadilisha. Wengine wote waulize, wajibiwe, basi. Wenzangu wananiita mchoyo. Na waniite.

Asubuhi hiyo mteja alikuwa njiani kuja kuona lifti mpya. Mimi na Chapchap tulikuwa chumba cha mitambo, juu kabisa ya jengo. Shemeji yangu, mume wa dada, ni fundi wa lifti. Alikuwa ghorofa ya tatu akikaza reli ya mlango. Nilimwona kwenye kamera, mguu mmoja ndani ya lifti, mwingine koridoni. Umeme hakuuzima. Mimi ndiye niliyemwambia hana haja, lifti haiwezi kuondoka mlango ukiwa wazi.

"Kompyuta imenisumbua kweli," Chapchap akasema huku akichapa. "Eti siruhusiwi kugusa mlango wako! Nimelifuta lile neno, nikaandika mwenyewe kwamba umefungwa."

"Umeandika nini? Mlango uko wazi, kuna mtu!"

"Majaribio tu, dada, usipandishe presha."

Kidole chake kilikuwa kimeshabonyeza ghorofa ya saba.

Lifti iliamini ilichoambiwa. Ikaanza kupanda, shemeji akiwa pale pale mlangoni. Nilimsukuma Chapchap, yeye na kiti chake, nikaipiga swichi nyekundu ya ukutani kwa kiganja. Kwenye skrini sikumwona mtu tena.

Nilishuka ngazi mbio, roho mkononi. Nilimkuta amekaa sakafuni koridoni, mguu mzima, kiatu kimebanwa kule juu kati ya lifti na ukuta. Nilitaka kumkumbatia, nikaogopa.

"Pole, shemeji. Nimeshaizima. Sasa haiwezi kusogea, nakuhakikishia."

"Sawa, shemeji," akasema kwa upole.

Kisha akainuka, akanipita akichechemea, akaanza kupanda ngazi kwenda kuuzima umeme kwa mkono wake mwenyewe.