Anayeitwa Priscah

Kosa la Lorine lilikuwa kuitika. Siku ya kwanza alipoingia katika nyumba ile ya Riyadh, madam alimtazama toka kichwani hadi viatuni, akamwambia kwamba mtoto alishazoea jina Priscah, na kubadilisha majina kila anapokuja mfanyakazi mpya ni kumvuruga mtoto bure. Basi naye angeitwa Priscah. Lorine aliuliza kwa adabu huyo Priscah mwenyewe alikwenda wapi. Alienda zake, akajibiwa, halas, yamekwisha. Lorine akaitika, yeye mtoto wa Kibukusu aliyelelewa na nyanya, aliyeambiwa tangu utotoni kwamba jina la mtu haliokotwi kama kuni. Lakini wewe ungefanyaje? Pasipoti iko kabatini kwa kafili, tajiri aliyekudhamini, ikama, kibali cha kuishi, ndiyo kwanza inashughulikiwa, halafu uanze kubishania jina?

Vituko vilianza na soksi za mtoto. Lorine alizikunja bapa, moja juu ya mwenzake, kama walivyofundishwa Nairobi kabla ya kusafiri. Asubuhi alizikuta zimeviringwa ngumu kama mayai. Akadhani ni madam. Madam! Mwanamke asiyejua hata mlango wa mashine ya kufulia unafungukia upande gani. Dana, binti wa pekee wa nyumba ile, mtoto wa chekechea, ndiye aliyemweleza, tena bila kuinua macho kwenye uji wake. Priscah hapendi soksi bapa, alisema.

Lorine akamkumbusha kwamba Priscah ni yeye. Mtoto akamtazama kwa huruma.

"Wewe ni Priscah mkavu," alisema.

Lorine alicheka. Alipofika jikoni kicheko kilikwisha, akabaki ameshika sinki kwa mikono miwili.

Halafu ikaja habari ya Kosta Rika. Familia ingerudi kwenye hoteli ileile ya mwaka uliopita, na safari hii Lorine angekwenda kumwangalia Dana. Madam alimwonyesha picha kwenye simu. Vyumba vya mbao vilivyojengwa katikati ya msitu, kila chumba na kidimbwi chake cha kuogelea. Nyani wakichungulia bafuni. Mlima wa volkano unaofuka moshi, na watu wenye pesa zao wameketi kwenye maji ya moto chini yake wakinywa sharubati. Madam mwenyewe alikuwa amevaa kitani cheupe, na chai yake ya asubuhi inaelea majini juu ya sinia. Chai inaelea, jamani! Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

Na ukweli usemwe, Lorine aliitaka safari ile kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka. Alikuwa ameshaamua picha atakayoiweka kwenye status ili binamu yake Maryann aione, yule aliyemwambia kwamba anakwenda Uarabuni kusugua vyoo. Acha aione, imkwame kooni.

Kwa hiyo alipofungasha nguo za Dana, alifungasha kwa moyo mkunjufu. Alizipanga vizuri, akafunga sanduku, akaenda kupiga pasi. Aliporudi, sanduku lilikuwa wazi. Nguo zimepangwa upya kwa mkono mwingine, soksi zimeviringwa. Na zote zilikuwa na unyevunyevu, zinanuka chumvi na mwani. Riyadh, mji ambao ukianika shuka inakauka kabla hujamaliza kubana vibanio, ina bahari gani? Lorine aliogopa. Akaketi sakafuni.

Ndege ya kwenda ng'ambo ingeondokea Jeddah, kwa kuwa nyanya yake Dana aliishi huko na alitaka kuwaaga. Familia ilitangulia kwa ndege. Lorine alipelekwa kwa gari pamoja na masanduku, na dereva alikuwa Protus, mtu wa Bungoma kama yeye, anayelala na wenzake chumba kimoja kule mtaa wa Shumaisi, Riyadh. Protus hakuwa msemaji. Lakini katikati ya jangwa Lorine alimweleza habari ya soksi, naye akapunguza mwendo, akaegesha gari kando ya barabara, akalia.

Hakuwako Kosta Rika, alisema, ila aliwasikia baba yake Dana na madam wakigombana ndani ya gari baada ya kurudi, wakidhani dereva hajui Kiarabu. Siku waliposhuka pwani kutoka hotelini, wimbi lilimzoa Dana. Priscah hakujua kuogelea, lakini madam alipiga kelele akimwita, naye akaingia. Mtoto alisukumwa hadi ufukweni. Priscah hakuonekana tena. Na kwa sababu wangeulizwa ni nani aliyemwingiza baharini mtu asiyejua maji, walisema ametoroka hotelini. Hivyo ndivyo ajenti alivyomwambia mama yake. Protus alikuwa na namba ya mama huyo muda wote huo. Aliogopa kufukuzwa, akanyamaza.

"Usipande hiyo ndege," alimwambia. "Jifanye mgonjwa. Maji yanayolijua jina lako si ya kuendea."

Lorine alimwelewa vizuri sana. Kwao jina la marehemu hupewa mtoto mchanga, tena baada ya mwenyewe kuja ndotoni kuliomba. Yeye alikuwa amelivaa tu, kama kandambili za mwenye nyumba, na mwenyewe hajazikwa. Akaamua hapohapo kwamba haendi. Kama ni kurudishwa kwa ajenti, na arudishwe. Sinia la chai liendelee kuelea na wenyewe.

Lakini lilibaki jambo moja. Kesho yake wakiwa Jeddah, yeye na Protus walitumwa Balad, mji mkongwe, kununua kofia ya jua ya Dana. Protus aliegesha chini ya nyumba moja kuukuu ya mawe ya matumbawe, akampa Lorine ile namba, naye akampigia mama yake Priscah. Alimweleza yote kwa Kibukusu, lugha yao wote wawili, bila kupunguza.

"Nilijua," mama alisema. "Mtoto aliyetoroka haji ndotoni kwa mamake kuomba nguo kavu."

Akauliza kama ni kweli kwamba Lorine ndiye anayeitwa kwa jina lile sasa. Lorine akakiri, akaomba msamaha. Mama hakumkaripia. Alisema wanaomwita binti yake ndani ya nyumba ile ndio wanaomzungusha, kwa maana wanamwita kazini na hakuna anayemwita nyumbani. Kisha akasema jambo ambalo Lorine aliliogopa tangu alipobonyeza namba.

"Mimi sina njia ya kufika huko, mwanangu. Wewe unayo. Nenda ukamchukue."

Lorine alilia. Alisema anaogopa, hajui kuogelea, huenda akavutwa. Mama akamwambia asikanyage maji hata kidogo. Asimame mchangani, amwambie mama yake amesema arudi, kisha ageuke aondoke na asitazame nyuma. Wala asimwite Priscah. Hilo ni la pasipoti. Amwite Nafula, kwa maana alizaliwa mvua ikinyesha.

"Na asipoitika, mama?"

"Ataitika. Tangu aingie humo hajaitwa na mtu wa kwao."

Asubuhi ya safari, madam alisimama kwenye lango la nyumba ya nyanya, miwani ya jua usoni, akaita. Priscah, yalla, twende! Lorine alikuwa ngazini na mikoba. Hakuitika. Madam akaita tena kwa hasira, na Dana, aliyekuwa ameshapanda gari, akatoa kichwa dirishani.

"Priscah yumo tayari," alisema. "Tunamngoja huyu mwingine."

Madam alivua miwani. Rangi ilimtoka, akaenda kuketi mbele na kutazama barabara. Protus alikuwa ameinamia usukani. Lorine akafungua mlango wa nyuma. Dana alikuwa amejibana upande mmoja, na kiti cha katikati kilikuwa kimelowa.

Lorine akaingia, akajibana upande wa pili. Kisha akauvuta mkanda wa katikati, akaufunga.